Swali la Lumbesa

Kwenye bahasha ndogo ya dawa muuzaji huandika kwa kalamu: 1×3. Mtu mzima akiiona anajua: kidonge kimoja, kutwa mara tatu. Mtoto wa darasa la nne aliyekwisha kukariri jedwali la kuzidisha anajua jambo jingine. Nilimsikia mmoja wao, huko Chitete, akiulizwa maandishi yale yana maana gani. Hakusita.

"Tatu, Mwalimu."

Mwalimu hakucheka wala hakumsahihisha. Alifungua kaunta buku lake, akaliandika jibu lile kama lilivyotamkwa, akachora nyota pembeni. "Asante, baba. Rudi ukakae." Kisha akanigeukia: "Hilo zuri. Hilo nitalitumia."

Chitete ndiyo makao makuu ya Wilaya ya Momba, wilaya iliyomegwa kutoka Mbozi mwaka 2012, miaka minne kabla Mkoa wa Songwe nao haujamegwa kutoka Mbeya. Aliyezoea Tunduma, foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kuingia Zambia, wabadilisha fedha na makelele ya stendi, akifika Chitete husikia masikio yakipumzika. Nilikuwa nimekwenda kwa shughuli nyingine kabisa. Nikajikuta nimekaa siku mbili kwenye benchi la nyuma la darasa, nikimtazama mwanamke mmoja akichonga maswali. Hakutaka jina lake liandikwe, nami sina sababu ya kumlazimisha.

Nasema kuchonga kwa makusudi. Kila swali lilianza likiwa gogo. Alilikata, akalijaribu kwa mtoto, likakwama, akalirudisha mezani, akapunguza neno, akalijaribu tena. Siku ya kwanza alimaliza maswali mawili. Mimi ningeandika ishirini kwa saa moja, yote mabovu.

Hayakuwa maswali ya mtihani. Mtihani, alivyonieleza, kazi yake ni kuwapanga watoto: wa kwanza, wa ishirini, wa mwisho. Yeye alitaka kujua kitu kingine. Mtoto akiachwa nyumbani na mdogo wake mwenye homa, bahasha ya dawa iko juu ya kabati, bibi yupo lakini hajui kusoma, je, kichwani mwa mtoto yule kuna nini cha kumsaidia? Wataalamu wana majina ya jambo hili; wengine huliita uelewa wa afya, wengine umahiri wa afya, na Kiswahili bado hakijaamua. Elimu ya afya tunalijua jina lake kwa sababu ni kile tunachotoa. Kinachopokelewa ndicho hakijapata jina lililotulia. Mwalimu alikuwa na lake. "Napima kilichobaki," alisema.

Kipimo cha zamani kuliko vyote anakijua kila aliyepita shule ya msingi nchini. Mwalimu anamaliza kueleza habari za minyoo, anaweka chaki chini, anauliza: "Tumeelewana?" Darasa zima, kwa sauti moja ya kuvuta: "Ndiyooo!" Kipimo hicho hakijawahi kuonyesha tatizo lolote.

Turudi kwenye bahasha. Swali lake lilipokamilika lilikuwa na mchoro wa bahasha yenye 1×3, na chini yake majibu manne. La kwanza: meza kidonge kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku. La pili: meza vidonge vitatu kwa pamoja. La tatu: meza kidonge kimoja kila siku kwa siku tatu. La nne: kunywa dawa hii ukiwa na miaka mitatu. Nilipolisoma la nne nikatabasamu, nikidhani ameishiwa. Akafungua kaunta buku akanionyesha nyota. Mtoto alikuwa amelisema. Yote matatu yenye makosa yalitoka vinywani mwa watoto. Hakuna hata moja alilolitunga yeye.

Hapo ndipo nilipoanza kuiona kazi yenyewe. Jibu la mtego likitoka kichwani mwa mtu mzima halimtegi mtoto yeyote. Mtoto hulinusa, huona kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu angesema vile, hulikata, na kwa kukata kata hufika kwenye jibu sahihi bila kujua chochote kuhusu dawa. Lakini aliyeamini kwamba 1×3 ni tatu, akilikuta jibu la "vitatu kwa pamoja" limekaa pale limevaa nguo zake mwenyewe, atalikumbatia. Na mwalimu atakuwa amejua zaidi ya kwamba mtoto amekosa. Atakuwa amejua amekosea wapi. Ndiyo maana hakumsahihisha yule kijana papo hapo. Kosa lililosahihishwa haraka hupotea kabla halijasomwa.

Kwa wakulima wa mahindi wa Songwe neno lumbesa halihitaji maelezo. Kwa wengine: ni gunia lililojazwa likapita mdomo wake, likaongezewa kilemba juu na kushonwa kwa kamba, mnunuzi akalilipia kama gunia moja. Serikali imelipiga marufuku mara nyingi, nalo linaendelea kupanda malori. Mwalimu alikuwa na karatasi ya maswali ya zamani aliyoikuta kabatini, na kwa kalamu nyekundu alikuwa ameandika pembeni ya swali moja: lumbesa. Swali lenyewe lilisomeka hivi: "Je, unanawa mikono kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kutoka chooni?"

Linaonekana jema. Sasa lifungue. Ndani yake kuna kunawa, kuna sabuni, kuna kabla ya kula, kuna baada ya choo. Mtoto anayenawa kwa maji matupu kabla ya ugali na hanawi kabisa akitoka chooni ajibu nini? Akisema ndiyo amedanganya nusu, akisema hapana amejinyima haki yake ya nusu. Atasema ndiyo, kwa sababu ndiyo humpendeza mkubwa. Mwalimu alilipasua gunia lile likawa magunia manne, halafu akatupa matatu. Lililobaki aliligeuza kuwa la kutenda: ndoo ya maji, kipande cha sabuni, na maneno "Nionyeshe unavyonawa." Hakuna mdomo uliohitajika.

Lugha ilimla muda kuliko kitu kingine chochote. Watoto wengi wa Momba huongea Kinyamwanga nyumbani, Kiswahili wanakikuta shuleni, na wakifika kidato cha kwanza Kiingereza kinawapokea mlangoni, kwa hiyo yale waliyoyajua kuhusu minyoo huanza upya yakiwa na majina mageni. Lakini hata Kiswahili chenyewe, ambacho mimi nimejisifu nacho maisha yangu yote, kina mashimo ambayo sikuwahi kuyaona mpaka nilipomtazama mtoto akitumbukia.

Chukua tegu wa nguruwe. Huku ufugaji wa nguruwe ni mkubwa, na utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kutoka vijiji vya Mbozi ulimkuta mdudu huyu kwa watu. Njia yake ni ya mzunguko. Mtu akila kitimoto kisichoiva chenye zile punje nyeupe, anapata tegu tumboni. Tegu anataga, mayai yanatoka na kinyesi. Nguruwe anayezurura akikila kinyesi hicho anapata punje nyamani. Lakini binadamu naye akiyameza mayai yale, kwa mikono michafu au mboga isiyooshwa, punje zinaweza kukaa kwenye ubongo wake, na hapo huja kifafa. Maana yake ni kwamba mtu ambaye hajawahi kugusa nyama ya nguruwe maishani anaweza kuugua kifafa cha tegu, kwa sababu jirani yake ana tegu na hana choo.

Swali la kwanza la Mwalimu lilikuwa: "Mayai ya tegu hutoka wapi?" Jibu alilolitarajia: chooni. Watoto wengi walijibu chooni. Angeweza kufurahi na kuondoka. Badala yake akamwuliza binti mmoja, taratibu, "Haya mama, nieleze, yanatokaje chooni?" Binti akaeleza kwamba tegu anaishi ndani ya shimo la choo, ndimo anamotagia, kwa hiyo wanaojisaidia porini wako salama zaidi.

Neno choo lilikuwa limefanya kazi mbili kwa mshahara mmoja. Kwetu choo ni nyumba, na choo ni kile kinachoachwa ndani yake. Mama husema mtoto amepata choo, fundi husema amejenga choo. Mtoto alikuwa amejibu sahihi kwa kila herufi, na somo lililokuwa limebaki kichwani mwake lilikuwa la kumpeleka porini. Nilishtuka kidogo. Mwalimu alikuwa anaandika.

Neno mayai nalo lilileta yake: kijana mmoja aliapa kwamba angeyaona na kuyakwepa, kwa kuwa yai analijua. Dawa ndilo lilikuwa baya zaidi, maana kwetu dawa ni ya malaria, ya mbu, ya meno, ya viatu, ya mahindi ghalani, na ile ya mganga. "Dawa zihifadhiwe mbali na watoto" ni sentensi yenye vitu sita ndani yake, na kila nyumba huchagua kimoja.

Kisha kuna swali la kukanusha. "Je, hupaswi kumpa mtoto dawa ya mtu mwingine?" Kwetu mtu akiulizwa "Hujala?" naye hajala, hujibu "Ndiyo," yaani umesema kweli, sijala. Wengine, hasa waliozoea kusoma vitabu vya Kiingereza, hujibu "Hapana, sijala." Wote wawili wana njaa ileile. Ukiweka swali la namna hiyo kwenye karatasi, ukahesabu ndiyo na hapana, utapata namba safi kabisa isiyo na maana yoyote. Nimeona madodoso ya wakubwa yenye maswali kama hayo, yamepigwa mihuri.

Duniani wapo waliochukua njia ya kumwuliza mtoto ajipime mwenyewe. Finland, katika Chuo Kikuu cha Jyväskylä, Olli Paakkari na Leena Paakkari na wenzao walitoa mwaka 2016 kipimo cha sentensi kumi kwa wanafunzi, kila moja ikianza na maana ya "nina uhakika kwamba", na mtoto anachagua ni kweli kwa kiasi gani. Ujerumani, Torsten Michael Bollweg na wenzake walichukua dodoso la Ulaya la watu wazima, wakalipunguza na kulirahisisha likawa maswali kumi na matano kwa watoto wa darasa la nne, wakiwauliza jambo fulani ni rahisi au gumu kwao. Hizi ni kazi za subira, zilizojaribiwa kwa watoto kabla ya kutumika, na ufupi wake peke yake ni ufundi. Ila nilipomsomea Mwalimu sentensi moja ya namna hiyo kwa Kiswahili changu, alitikisa kichwa. Mtoto aliyelelewa vizuri hapa, alisema, hatasema mbele ya mkubwa kwamba ana uhakika. Akisema, mwenzake atamcheka kwamba anajidai. Utakuwa umepima adabu.

Kipimo kilichomvutia zaidi nilipomsimulia kilitoka jirani, Uganda. Allen Nsangi na Daniel Semakula wa Chuo Kikuu cha Makerere, pamoja na wenzao wakiwemo Andy Oxman na kundi la Norway, walijiuliza kama watoto wa darasa la tano wanaweza kufundishwa kupima maneno ya watu kuhusu tiba. Jirani anasema mavi ya ng'ombe huponya kidonda cha moto. Amejuaje? Amelinganisha na nini? Waliandika kitabu cha picha, hadithi ya John na Julie, wakakijaribu na kukibadilisha mara nyingi madarasani, kisha mwaka 2016 wakakipeleka katika shule 120, zaidi ya wanafunzi elfu kumi, nusu ya shule zikifundishwa na nusu zikiendelea kama kawaida. Masomo tisa, ya dakika themanini kila moja. Mwishoni maswali 24, na kufaulu ni kupata 13. Katika shule zilizofundishwa walifaulu asilimia 69, katika zile nyingine asilimia 27. Mwaka mmoja baadaye waliwapima tena, na pengo lilikuwa bado lipo.

Watu husifu asilimia hizo. Mwalimu aliuliza maswali 24 yalitungwaje. Nikamweleza ninavyojua: kwamba Astrid Austvoll-Dahlgren na wenzake walitunga hazina ya maswali ya kuchagua, wakakaa na watu mmoja mmoja, Uganda na kwingineko, wakiwauliza wanaelewa nini wanaposoma kila sentensi, wakayatupa yaliyokwama. Alinyamaza kidogo. "Basi hao wanajua kazi," akasema.

Tulibishana kidogo juu ya neno. Kile alichokisema jirani kuhusu mavi ya ng'ombe tukiite nini? Dai ndilo neno la kitabuni, lakini kwa mtoto dai linanuka mahakama na mikopo, ukimwuliza "anadai nini?" atakujibu kiasi cha fedha. Yeye alichagua "neno la mtu". "Neno la mtu huyu umelipima?" Nadhani ni bora kuliko langu. Alilitumia mbele yangu kwa wasichana wa darasa la saba, kuhusu chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, ambayo nchini ilianza kutolewa kwa wasichana wa miaka 14 mwaka 2018 na ambayo uvumi wa utasa uliifuata shule hadi shule. Hakuwaambia uvumi ni uongo. Aliwauliza aliyeusema amewaona wangapi waliochanjwa na wangapi wasiochanjwa. Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu, na cha kazi.

Nilimletea pia habari ngumu, kwa sababu sikutaka ionekane namsifu bure. Mwanza, mradi wa MEMA kwa Vijana ulianza mwishoni mwa miaka ya 1990 katika jamii 20 za vijijini, kumi zikifundishiwa afya ya uzazi darasani na kuboreshewa huduma za vijana, kumi za kulinganisha. Ujuzi wa vijana ulipanda, na watafiti waliporudi 2007 na 2008 bado ulionekana. Damu ilisema vingine: maambukizi ya VVU na ya virusi vya malengelenge ya sehemu za siri hayakutofautiana kati ya pande mbili. Na watafiti walipolinganisha njia tano za kuwauliza vijana kuhusu mapenzi, waliona jinsi majibu ya kijana yuleyule yanavyopishana kwa kutegemea nani ameuliza, na ameuliza vipi.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Walipima na wakakubali," alisema. "Wengi wangeishia kwenye ujuzi ulipopanda." Kisha akarudi kukata karatasi zake.

Kilichobaki kusimulia ni anavyofundisha baada ya kupima, na hapo hana maneno mengi. Kosa la bahasha alilitibu kwa maharage. Kila kundi lilipewa bahasha yenye maandishi na punje za maharage, na chini sakafuni alichora kwa chaki jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi. "Zigaweni wenyewe." Yule kijana wa "tatu" alipanga punje tatu kwenye jua la asubuhi, akatazama mwezi hauna kitu, akarudisha mbili mkononi, akafikiri. Hakuna aliyemwambia.

Baadaye wakafika kwenye dawa mseto ya malaria. Kwa mtu mzima ni vidonge 24: vinne kwa mara moja, mara mbili kwa siku, siku tatu. Dozi ya pili ya siku ya kwanza hunywewa zikipita saa nane tangu ile ya kwanza. Mwalimu aliandika ubaoni swali ambalo alikuwa amelikata na kulipiga randa tangu jana yake, fupi, bila lumbesa, bila kukanusha: "Baba amekunywa dozi ya kwanza saa mbili usiku. Dozi ya pili ni baada ya saa 8. Atakunywa lini?"

Binti wa dawati la mbele alinyoosha mkono kabla chaki haijatua. "Kesho mchana, Mwalimu. Ikishapita saa nane."

Darasa likakubali, ndiyooo. Na kwa Kiswahili fasaha, ambamo saa ni saa, iwe ya ukutani au ya kusubiri, binti alikuwa hajakosea popote. Ni baba tu ambaye angekunywa dawa yake mchana badala ya saa kumi alfajiri. Mimi ni mmoja wa wale ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakikata neno masaa kwa kalamu nyekundu kila walipoliona kwenye maandishi ya wengine. Mwalimu alinitupia jicho, kama anayeomba ruhusa bila kuihitaji. Akafuta saa 8, akaandika masaa 8, akafungua kaunta buku na kuchora nyota.

"Sasa hebu," akawaambia, "tuanze tena."